Buti zilizolowa zikaushwe kwa hewa, si kwa moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe sentensi moja tu iliyomo katika makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu matunzo ya vifaa vya mwendesha pikipiki wakati wa mvua. Makala yenyewe ilikuwa nzuri, na sehemu iliyohusu kofia ngumu na glavu nimeikata na kuihifadhi. Lakini mwandishi wake alipofika kwenye buti alimaliza kwa maneno machache: kwamba zikilowa ziwekwe karibu na moto au hita mpaka zikauke, kisha safari iendelee. Nimeendesha pikipiki kwa miaka mingi, katika mvua za kila aina, na niliwahi kuufuata ushauri huohuo kabla sijayajua madhara yake. Ndiyo maana nimeona nisinyamaze.

Nilikuwa katika safari ya siku nne, na siku ya kwanza mvua ilininyeshea kuanzia asubuhi hadi jioni. Usiku nilizisimamisha buti zangu mbele ya hita, umbali wa hatua moja hivi, nikalala nikiamini kwamba kutakapokucha zitakuwa tayari. Kwa nje zilikauka kweli, tena zikawa ngumu kama gome. Ngozi inayozunguka kifundo, mahali ambapo mguu hukunjika kila unapobadili gia, ilikuwa imekakamaa na kufanya mikunjo myembamba, na siku ya tatu mikunjo hiyo ikapasuka. Soli ya buti ya kulia ilianza kuachia kwenye ncha. Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba asubuhi ya kwanza baada ya usiku ule wa hita, nilipoingiza mkono hadi kwenye vidole, nilikuta sponji ya ndani ingali imelowa chapachapa. Moto ulikuwa umeharibu nje bila kukausha ndani.

Ngozi ya buti ni nyuzi za kolajeni zilizosokotana, ambazo kiwandani hutiwa dawa ili zisioze, kisha hulainishwa kwa mafuta yanayokaa katikati yake na kuziwezesha kuteleza zenyewe kwa zenyewe mguu unapojikunja. Maji yakiingia huzivimbisha nyuzi hizo. Yakitoka polepole, nyuzi hurudi mahali pake na mafuta hubaki. Yakifukuzwa kwa haraka, uso wa nje husinyaa wakati tabaka la chini bado limevimba, nyuzi hugandamana, na ngozi hupoteza ulaini ambao ni vigumu kuurudisha hata ukiipaka mafuta mara ngapi. Ikumbukwe pia kwamba ngozi iliyolowa hustahimili joto dogo kuliko ngozi kavu. Ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti huanza kusinyaa katika maji yenye nyuzijoto 70 hadi 85, ilhali ile iliyotengenezwa kwa chumvi za kromiamu huweza kufika karibu na 100.

Najua atatokea mtu wa kusema kwamba buti nyingi za siku hizi ni za kromiamu na kwamba hita ya nyumbani haifikishi joto hilo. Pengine ni kweli kwa ngozi peke yake, lakini buti haina ngozi peke yake. Soli imeshikwa kwa gundi, na nyingi za gundi hizo kiwandani huamshwa kwa joto ili zishike, kwa hiyo joto kali likizirudia huweza kuzilegeza. Kikombe kigumu kinacholinda kifundo, bamba la mbele ya ugoko na vikinga vya vidole ni vya plastiki, na plastiki iliyopashwa moto upande mmoja hupinda. Buti yangu mojawapo haikufunga tena bizimu yake ya juu sawasawa baada ya usiku ule, kwa kuwa bamba lilikuwa limejikunja kidogo, kiasi ambacho jicho lisingekiona lakini bizimu ilikihisi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu buti ya pikipiki ni kifaa cha kuokoa mguu. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 13634 huipima kwa kuisugua hadi itoboke, kwa kuidondoshea kisu, na kwa kuibana soli kwa upande ili kuona kama itauacha mguu upondeke pikipiki itakapouangukia. Vipimo hivyo hufanyiwa buti mpya. Buti ambayo soli yake imeachia na ngozi yake imepasuka kwenye kifundo ingali na alama ya kiwango ndani ya ulimi wake, lakini si ile tena iliyopimwa, na mwenye nayo hana njia ya kulijua hilo mpaka siku atakayoanguka.

Sasa nije kwenye swali ambalo makala yenu haikuligusa, nalo ni kwa nini sehemu ya vidole hubaki na maji hata baada ya usiku kucha. Buti zinazouzwa kwa sifa ya kutopitisha maji huwa na utando mwembamba uliowekwa kati ya bitana na ngozi, mithili ya soksi iliyofichwa. Utando unaojulikana zaidi, Gore-Tex, ulitokana na ugunduzi wa Robert Gore mwaka 1969, alipoivuta kwa nguvu plastiki ya aina moja na kupata tabaka lenye vitundu vidogo mno, ambavyo tone la maji haliwezi kupita ila mvuke hupita. Ni kitu cha manufaa makubwa mvua inapoipiga ngozi kutoka nje. Katika kiwango nilichokitaja, herufi WR huonyesha kwamba buti imepimwa kwa maji yanayojaribu kupenya kutoka nje. Mara nyingi, hata hivyo, maji hayaingii kwa njia hiyo. Huteremka kwenye suruali, yakafuata soksi, yakaingia kwa mdomo wa juu. Na yakishaingia, utando uleule uliokuwa ukiyazuia kuingia huyazuia kutoka, na buti hugeuka kikombe. Mvuke ungeweza kupita polepole kwenye utando, lakini nje yake kuna ngozi iliyoshiba maji, basi njia ya kweli inayobaki ni ule mdomo wa juu. Kwa hiyo buti isiyopitisha maji, ikilowa ndani, ndiyo huchelewa kukauka kuliko zote, na wengi wanaoinunua hawaambiwi hivyo.

Hapo ndipo hesabu ndogo inaponisaidia kueleza kwa nini dawa ni hewa. Tuseme buti moja imeshika gramu 200 za maji katika bitana na sponji, kiasi cha glasi moja ya kunywea. Hewa yenye nyuzijoto 30 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo, na kwa nyuzijoto 20 hubeba karibu gramu 17 tu. Ndani ya buti hakuna mita ya ujazo. Pengine kuna lita tatu za hewa. Lita tatu hizo, hata zikiwa vuguvugu na kavu kabisa, hushiba kwa mvuke usiofika sehemu moja ya kumi ya gramu. Ili gramu 200 zitoke, hewa iliyomo ndani ya buti inapaswa kubadilishwa zaidi ya mara elfu mbili, na kwa kuwa hewa ya kawaida huwa tayari na unyevu wake, idadi hiyo huongezeka maradufu au zaidi. Buti iliyosimamishwa mbele ya hita haibadilishi hewa yake ila kidogo sana, kwa sababu hewa iliyoko kwenye vidole imekaa mwisho wa njia isiyotokea popote. Inapata moto, inashiba, na inabaki palepale. Feni ndogo inayopuliza ndani ya buti, ijapokuwa haina joto lolote, huibadilisha hewa hiyo tena na tena.

Hesabu hiyohiyo hukataza kuzifungia buti kabatini au kwenye boksi la pikipiki. Kabati lenye mita moja ya ujazo, katika chumba cha nyuzijoto 20 chenye unyevu wa kawaida, lina nafasi ya gramu 8 au 9 tu za mvuke zaidi. Gramu nyingine zote zitabaki mlemle, na baada ya siku moja au mbili ukungu huanza kuota kwenye bitana.

Yafuatayo ndiyo ninayoyafanya mimi, na nayaeleza kwa urefu kwa sababu kila hatua ina sababu yake. Nikifika tu, kabla sijala na kabla sijakaa, nazisuuza buti kwa maji safi ili kuondoa tope na chumvi, kwani tope likikaukia kwenye ngozi huvuta mafuta yake, na chumvi hula bizimu na zipu. Nazigeuza kichwa chini kwa dakika chache zimwage maji yaliyosimama. Nafungua kila kinachofunguka: zipu hadi mwisho, bizimu zote, kamba zilegezwe, ulimi uvutwe mbele. Soli ya ndani naitoa na kuikausha peke yake, maana ikiachwa ndani hufunika maji yaliyo chini yake, na ndiyo hutoa harufu mbaya kwanza. Kisha naingiza taulo kavu, naisukuma kwa ngumi hadi kwenye vidole na kuibana kwa nguvu mara kadhaa. Watu huiruka hatua hii ya taulo, nami naiona kuwa yenye faida kuliko zote, kwani maji yanayotoka yakiwa maji hayahitaji kugeuzwa mvuke. Na kugeuza gramu 200 za maji kuwa mvuke huhitaji nishati ambayo ingetosha kuchemsha takriban lita moja na nusu ya maji ya kawaida. Ni kwa sababu hiyohiyo mguu ulio ndani ya buti iliyolowa huganda kwa baridi hata siku isiyo ya baridi kali: maji yanayovukizwa na upepo wa safari huchukua joto lake kutoka mwilini mwako.

Baada ya taulo huja karatasi za gazeti, likiwemo lenu, ambalo nikishalisoma hulikunja vipande vipande. Gazeti hunyonya vizuri kuliko karatasi laini za kung'aa, lakini lina masharti mawili ambayo wengi hawayafuati. La kwanza ni kwamba lisishindiliwe, kwani karatasi iliyobanwa sana haina nafasi ya kunyonya tena, na hutanua ngozi. La pili ni kwamba libadilishwe: mara ya kwanza baada ya nusu saa, kisha kila baada ya saa moja au mbili hadi wakati wa kulala. Karatasi iliyolowa ikiachwa ndani usiku kucha huwa kifuniko kinachozuia unyevu usitoke. Wakati wa kulala naitoa yote. Mwenye buti zenye bitana nyeupe afunge karatasi hizo ndani ya kitambaa chepesi, la sivyo wino utamwachia alama.

Usiku ni zamu ya feni. Nazilaza buti kwa ubavu sakafuni, midomo yake ikielekea kwenye feni, umbali wa mkono mmoja, na dirisha likiwa wazi kidogo kama nje hakunyeshi, ili chumba nacho kipumue. Ikiwa nje ni mvua na ukungu, dirisha lifungwe, na kama kuna kiyoyozi au mashine ya kunyonya unyevu, iwashwe. Zipo pia mashine maalumu za kukaushia viatu, zenye mirija inayoingia hadi kwenye vidole na kupuliza hewa yenye uvuguvugu wa nyuzijoto 40 hivi. Hizo ni salama, kwa sababu uvuguvugu huo uko karibu na ule wa mguu wenyewe. Mashine ya kukaushia nywele inafaa ikiwekwa kwenye hewa baridi tu. Jua nalo lina mpaka wake: soli ya ndani na soksi zianikwe juani bila hofu, ila buti zenyewe zikae kivulini penye upepo, kwani ngozi nyeusi kwenye jua la mchana hupata joto lisilovumilika hata kuishika. Kuhusu kuziegemeza kwenye injini au bomba la moshi mara baada ya kuegesha, naomba tu lisifanywe. Nimeona soli ya mwenzangu ikiyeyuka kwa namna hiyo wakati tukinywa chai.

Wapo wanaosifu mchele. Mchele hunyonya kidogo, huacha vumbi kwenye bitana, na ni chakula. Vijifuko vya silika, vile vyenye chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, ni bora, lakini chembe zake hunyonya takriban theluthi moja tu ya uzito wake, kwa hiyo gramu 200 za maji zingehitaji zaidi ya nusu kilo ya chembe hizo kwa kila buti. Mimi huvitumia mwishoni kabisa, buti zinapokuwa zimebakiza unyevu mdogo ambao feni inauondoa kwa shida.

Nimejifunza pia kutoiamini ngozi ya mkono wangu katika kuamua kama buti imekauka. Mkono wenye joto huona kitu chenye unyevu kidogo kuwa ni cha baridi tu, na vidole havifiki ndani ya sponji. Siku hizi natumia mizani ya jikoni. Nilizipima buti zangu zilipokuwa kavu kabisa, nikaandika uzito wa kila moja kwa kalamu chini ya soli ya ndani. Sasa baada ya mvua nazipima tena, na tofauti ya namba mbili hizo ndiyo maji yaliyomo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, buti niliyokuwa nimeitangaza kuwa kavu ilikuwa ingali na gramu 70. Nilirudisha feni, nikasubiri hadi jioni.

Swali gumu ni la mtu ambaye lazima aondoke alfajiri, na buti zake bado hazijakauka. Huyo asilazimishe moto. Avae soksi kavu, juu yake avae mfuko mwembamba wa plastiki, kisha aingize mguu katika buti iliyolowa. Mguu utatoka jasho ndani ya mfuko, lakini jasho hilo ni dogo na lina joto, tofauti na maji baridi ya buti. Kila anaposimama atoe mfuko, akaushe vidole na abadili soksi. Ngozi ya mguu inayokaa katika unyevu kwa saa nyingi hulainika, huota malengelenge, na hufungua mlango kwa fangasi. Na pale ambapo unyevu unakutana na baridi kwa muda mrefu, mishipa ya damu na ya fahamu huumia hata kama hakuna barafu. Askari wa Vita Kuu ya Kwanza waliugua hivyo kwa wingi katika mahandaki, hata makamanda wakaamuru miguu ikaguliwe na soksi zibadilishwe. Mwendesha pikipiki ana sababu ya ziada ya kujali: kidole kilichokufa ganzi hakijui kimekanyaga breki ya nyuma kwa uzito gani.

Mwenye uwezo wa kuwa na jozi mbili na kuzivaa kwa zamu atapata nafuu kubwa kuliko ya mashine yoyote, kwani kila jozi hupata saa 24 za kupumzika. Asiye na uwezo huo aanze kwa kuyazuia maji yasiingie, na njia ya kwanza haina gharama: mguu wa suruali ya mvua uvaliwe nje ya buti, usichomekwe ndani. Naona wengi wakichomeka kwa sababu ya mwonekano, na hivyo ndivyo wanavyoyaelekeza maji yote ya suruali hadi kwenye soksi.

Mafuta au nta ya ngozi ipakwe mwisho, buti zikiwa zimekauka, kwa kiasi kidogo, na isipakwe kwenye ngozi ya suede, ile yenye uso wa vinyweleo laini. Mwenye buti za utando aepuke mafuta mazito, kwani huziba njia ya mvuke.

Ndugu Mhariri, sina ugomvi na mwandishi wenu, na nadhani aliandika kile ambacho wengi wetu tulifundishwa na waliotutangulia. Ombi langu ni kwamba katika toleo lijalo mchapishe sahihisho la sentensi ile, hata kwa mstari mmoja: kwamba buti zilizolowa zifunguliwe zote, zitolewe soli za ndani, zikamuliwe kwa taulo, na zilazwe mbele ya feni, mbali na moto. Wapo wasomaji ambao mvua itawakuta kabla ya toleo hilo, na ningependa barua hii iwafikie kwanza.

Wako katika ujenzi wa usalama barabarani,

Msomaji wenu, mwendesha pikipiki